Kwa Nini Imeita

Mbuzi alikuwa wa Mzee Chiteji, wa Chigongwe,
mdogo, shingoni kamba ya katani.
Nilikuwa nasoma ujumbe: *Sukari imeisha.*
Maneno mawili. Nilipoinua macho
yalikwisha kunigharimu elfu sitini
na mlio wa breki ambao bado huniamsha.

Sechelela, dada yangu, hakunisuta.
Alinyoosha mkono tu: "Lete hiyo simu."
Tulikuwa Kibaigwa, nasubiri kupakia mahindi,
wapagazi wanabishana juu ya uzito wa gunia,
naye kaketi juu ya jingine, anaitegea simu yangu
kitendawili, kama tulivyotegewa moto ukififia:
*Nimekaa, nami nakimbia.*

"Gari lako zee halina bluutuu," alisema,
"lakini lina tundu la kuwashia sigara.
Chaji ikiingia kutoka pale,
na ardhi ikipita zaidi ya kilomita ishirini kwa saa,
simu itajua. Itafumba jicho, itafunga mdomo,
na atakayepiga atajibiwa kwa maandishi:
*Naendesha. Nitapiga nikifika.*"

Mwanzoni ilikosea kama mwanafunzi mgeni.
Nilipanda basi kwenda msibani Singida,
nikaomba chaji kwa konda, nikalala, mate yananitoka,
nayo ikamwambia tajiri wangu: *Naendesha.*
Kesho yake akauliza, "Gari la nani?"

Mama yuko Mvumi. Hasomi.
Alipiga, simu ikakatika, ujumbe ukaingia,
akamwita Nyemo, mtoto wa jirani, amsomee.
Mara ya tatu hakumwita tena.
Alikwisha kuujua mlio: *ti*, mara moja,
kama punje ya mtama ikidondoka kwenye ungo.
Akawa hapigi ili tuongee.
Anapiga apate ile punje, aseme "haya", akalale.
"Huyo karani uliyemweka humo ndani," aliniambia,
"ana adabu kukushinda. Hajibu kwa hasira."

Kisha usiku wa Saranda.
Nusu ya mlima, gia ya pili, tani nne mgongoni,
injini ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza.
Nikasukumia mawe nyuma ya tairi,
nikakata matawi, nikayalaza barabarani
wenzangu wajue kuna mtu hapa,
nikaingia chini na tochi mdomoni.

Ndipo simu, iliyohesabu sifuri, ikafumbua jicho.
Ikaita. Mikono yangu imejaa dizeli.
Ikaita tena. Nikajisemea: ni tajiri, angoje.
Ikaita mara ya tatu,
na vichaka vyote vya Saranda vikasikia.

Nilipompigia, saa nzima ilikwisha kupita.
Mama asiyekosa kusema *mbukwenyi*
hata kwa mtoza ushuru, hakunisalimu.
Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu:
"Kwa nini imeita?"

Nikamweleza. Chujio. Uchafu kwenye dizeli.
Mawe yameshika, matawi yapo, mimi mzima.
Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu:
"Sawa. Lakini kwa nini imeita?"

Nikakosa jibu.
Kimya kile nilikinunua nisiue mbuzi wa watu.
Sikujua kuna mtu anajifunika nacho usiku.

Nikawasha. Ikakataa. Nikawasha.
"Mama, hesabu dakika kumi, halafu upige."
"Utapokea?"
"Sitapokea."
"Haya," akasema, na nikasikia
kiatu kimoja kikivuliwa.

Sasa napanda kuelekea Manyoni,
ya pili, ya tatu,
matawi nimeyaondoa, mawe nimeyarudisha kando,
simu imelala kifudifudi kwenye dashibodi.
Sijui kama amepiga.
Sitazami.
Mvumi, juu ya meza, kando ya kopo la karanga,
punje moja ya mtama.