Ya Pili Haikufika

Osaka iliitwa Kawara, kigae cha paa,
mwaka themanini na tisa, mwezi wa mvua.
Amerika wakaibatiza Tilo
wakamvisha korongo kofia.
Kwetu Matosinhos ilishuka miaka mitatu baadaye,
dukani kwa Bi Graciete, kati ya betri na nyembe,
na kijitabu cha maelezo kwa lugha tano.
Kireno hakimo.

Baba alikisoma kwa Kihispania,
kidole kikinuka dagaa wa kiwandani,
na asichokielewa alikitunga.
"Vigae vitatu vya rangi moja," alisema,
"huoneana haya, vikatoweka."
Sijapata kusikia sheria nzuri kuliko hiyo.

Sikujua kwamba televisheni zetu
zilihesabu hamsini pale zao zilipohesabu sitini.
Vigae vilidondoka kama vinavyofikiri kwanza,
na muziki ulijikokota
kama mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku.
Nilidhani ndivyo ulivyotungwa.

Kisha ya tatu ikaja, jaladani imeandikwa: ya pili.
Korongo yule yule, kofia hana,
bawa limefungwa bendeji,
anamwinamia paka wa kijivu kama rafiki wa siku nyingi.
Paka huyo sisi hatukumjua.
"Kuna kitu kimetupita pembeni," baba alisema,
na usiku ule hakucheza.

Ya pili ya kweli haikuvuka bahari.
Nasikia katika ofisi moja Hamburg
mtu aliandika: haitauzika.
Neno moja, na muhuri.

Mwaka jana ikaja kwa posta,
kasha limefifia upande uliokaa dirishani,
jina la mtoto kwa kalamu ya wino: Chizuru.
Nikaiwasha. Muziki ukatoka mbio.
Baba, mikono ikimtetemeka, akauliza,
"Nani anawafukuza?"

Tulicheza hadi hatua ya tisini,
yeye akiamua, mimi nikibonyeza.
Paa likakamilika, halina hata ufa,
na kwa kuwa tumeshinda
korongo hakuwa na tundu la kupitia.
Akagonga vigae. Akaanguka.
Paka wa kijivu akatoka ghalani na kitambaa.

Baba alitazama hadi majina ya Kijapani
yakaisha kupanda.
"Kumbe tulimvunja sisi," akasema.
Halafu: "Hebu nirudishie ile ya polepole."