Hesabu za Mkunguni

Baba alikuwa karani wa mizani ya karafuu.
Nyuma ya daftari la pishi, pasipo na mistari,
aliandika kura za jimbo letu kwa wino wa zambarau,
na juu yake: Mkunguni. Isipotee.

Mwanzo: Kombo Mshindo wa Juu, 611.
Seif Ngwali wa Chini, 610.
Ile moja, baba kaieleza pembeni,
ni ya Bi Mkasi, aliyeshikwa na uchungu kwenye foleni
akakataa kuondolewa mpaka karatasi yake iingie sandukuni.
Mtoto wakamwita Mojatu.
Yupo hadi leo Wete, fundi wa baskeli,
na hakuna mtu wa Chini aliyewahi kumpelekea tairi.

Mara ya pili: Chini 702, Juu 688.
Hapa mwandiko unayumba. Sisi ni watu wa Juu.

Kisha kurasa tupu.
Ile miaka isiyokuwa na kura
sanduku la bati lilikaa uvunguni kwetu,
kuku wa mama akaliatamia.
Akatotoa saba.
Hakuna aliyepinga idadi.

Kura ziliporudi, zilirudi na kiu.
Juu 1,904. Chini 1,880.
Ishirini na nne: watoto wa chuo kimoja cha Kurani.
Kwa hao ishirini na nne Chini wakatufungia kisima.
Chumu akapewa talaka kwa wino wa kidoleni:
mumewe alimkataza kwenda, akaenda,
akarudi, akapika kama kawaida,
akampakulia kwa mkono uleule.
Na alipokufa mzee Ngwali
jeneza lilibebwa na wanawe wanne,
wakipokezana wenyewe kwa wenyewe
toka msikitini hadi makaburini,
nasi tuko ukumbini, tunawasikia wakipita,
tumeinamia majamvi, tunachambua karafuu
zilizokwisha kuchambuliwa jana.
Nilikuwamo. Sikuinuka.
Baba hakuliandika hilo. Naliandika mimi.

Mara ya nne: Chini 2,013, Juu 1,993.
Shaame wa dukani akafuta madeni ya nusu ya mji.
Nusu yetu akaisoma kwa sauti, jina kwa jina.

Ya tano ilihesabiwa usiku kwa karabai,
ikafutwa asubuhi.
Baba naye akaikata, lakini kwa mstari mmoja, mwembamba,
mwenye macho aweze kusoma.
Mimi ninayo macho. Simsomei mtu.

Halafu wakaja watu wa mipaka na ramani yao,
wakanywa madafu ya Juu, wakanywa na ya Chini,
mstari ukapita kwa Bi Mkasi katikati ya nyumba:
jiko likaenda jimbo la mashariki,
kitanda kikaenda la magharibi.
Akawauliza, "Nikifia ukumbini, nazikwa na nani?"
Wakacheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo redio haituiti.
Tumekuwa kituo namba sita, na kituo namba kumi na moja.

Usiku wa matokeo mapya
Riziki binti Kombo na Mbarouk bin Seif,
walioshindana mara tatu bila kupeana salamu,
walikuwa na redio moja, kwa ajili ya betri.
Likatajwa jina la mshindi.
"Huyo wa wapi?" Riziki akauliza.
"Sijui," Mbarouk akasema. "Si wa kwetu."
Neno likakaa baina yao kama sahani ya mgeni.
Hakuna aliyelirudisha.

Jana nimejumlisha zote zisizokatwa.
Juu 5,196.
Chini 5,205.
Nimerudia kwa njiti za kiberiti.
Tisa.
Umri wote huu, maiti wote wale, tisa.

Nimechukua ndoo.
Nateremka kisima cha Chini, daftari kwapani.
Wakiniuliza nafuata nini
nitasema: mmeshinda, kwa tisa.
Nipeni maji.