Kilo Tatu

Asubuhi naanza na mizani. Naipangusa vumbi,
naikanyaga kwa mguu mmoja kuona kama bado yasema kweli.
Saa moja kasorobo, uwanja wa Kisumu,
ukungu haujaondoka ziwani, upande wa Usoma,
na tayari nauli ya jana imeshakufa.

Sikuiua mimi. Kuna bomba limefungwa mahali
ambako jina lake hunikwama mdomoni;
mafuta yakapanda, shilingi ikateleza,
na ndege yetu, hii yenye mkia wa rangi ya embe,
haikuwa yetu hata siku moja:
tumeipanga kwa dola, kama chumba cha Manyatta,
na mwenye nyumba hajui Kiswahili wala tarehe ya mshahara.

Wakubwa wakakaa, wakakata.
Kwanza karanga. Halafu maji.
Halafu kiti cha dirishani kikawa na bei yake,
mia nne kulitazama ziwa ambalo baba yangu alilinywa bure.
Halafu begi.
Wakaniletea kifremu cha chuma:
lisiloingia, lilipiwe.

Dorsila Aoko, wa omena, soko la Jubilee,
anakwenda kumwona bintiye aliyejifungua Kayole.
Kilo tatu zimezidi.
"Mwanangu, mwaka jana hizi hizi zilipanda bure."
Nimweleze dola? Nikamweleza mafuta. Akacheka.
"Hata mimi nakaanga kwa mafuta,
sijawahi kumtoza mtu kwa ukubwa wa kikapu chake."
Akafungua begi, akatoa leso mbili, akazifunga juu ya gauni,
akajaza omena mifuko yote ya koti,
akapita.
Alinukia ziwa mpaka kidato cha mwisho cha ngazi.

Ijumaa hatuhangaiki. Ijumaa ni ya mazishi.
Nauli huwa maradufu na ndege hujaa
watu wa miwani myeusi na simu zisizokoma kuchangisha.
Makao makuu wanalijua hilo, wana jedwali lake.
Hawauiti msiba. Wanauita msimu.

Lakini Jumanne na Jumatano tuliruka na viti vitupu,
na basi la usiku kupitia Kericho likapunguza mia mbili.
Safari ya saa nne ikafutwa.
Mstari mmoja tu kwenye kompyuta,
na Ogola wa mizigo, na Nafuna wa zamu ya pili,
nao wakawa uzito uliozidi.
Sikuwapima mimi. Nilisaini tu kwamba nimepokea barua.

Leo, kurudi nyumbani, nimepita nyuma ya shule, Usoma.
Yunia mpishi alikuwa amesimama nje, mwiko mkononi,
shingo juu.
Miaka mitatu amepakua uji ndege ya saa nne ikishuka.
Hana saa. Hakuwahi kuihitaji.
"Imeharibika?" akaniuliza.

Ningesema: haina ugonjwa, mama, ni nzima,
inaruka nchi nyingine sasa,
mkia wake wameupaka rangi ya wenzetu.
Ningesema bomba, shilingi, dola.
Nikasema, "Ni saa nne na robo."

Akageuka mbio.
Watoto walikuwa wamejipanga kitambo, kikombe kwa kikombe,
na uji, kule sufuriani,
umeshaota utando.