Unga Mlangoni

Alishuka kwenye bodaboda ya Singano
na begi moja, viatu mkononi,
vumbi jekundu la Muheza limempanda hadi magotini.
Tukamwuliza: mradi gani? Kisima? Chanjo?
Akatikisa kichwa, akatafuta neno,
akalipata chini ya yale kumi aliyokuwa nayo:
"Kukaa."
Kukaa tu.

Jina lake Tenmoli.
Maana yake, kwa Kitamili chao, maneno ya asali.
Mama mkwe alicheka hadi ushungi ukamdondoka:
asali yenyewe matone kumi!

Hapa Kwemdimu hakuna cha kumwonyesha mtu.
Machungwa yanaozea chini kwa kukosa lori,
redio ya jirani haina betri tangu Mfungo Mosi,
na mchana, kinu kikishanyamaza,
unamsikia beberu akitafuna ganda uwanja wa pili.
Nilimwonea mgeni haya kwa ukimya wetu
kama mtu aliyekaribisha kwenye nyumba isiyo na kiti.
Yeye akaukalia.

Akaikalia na mbuzi ya nazi.
Sijamwonyesha upande, kashapinda kanga,
kakaa mshazari, nazi inamzunguka kiganjani,
machicha meupe, hakuna kahawia hata chembe.
Usiku akafinya tonge kwa vidole vitatu.
Kidawa mwanangu akaninong'oneza:
"Mama, huyu si mzungu wa kweli."

Kesho yake, kabla kuku hawajashuka,
nikatoka na ufagio wangu wa njukuti.
Uwanja umekwisha kufagiwa.
Naye kachuchumaa mlangoni petu,
unga wa mchele unamtoka kati ya gumba na shahada,
mwembamba kama uzi wa cherehani,
ukizunguka nukta, ukizikwepa nukta,
ukirudi ulikoanzia.
Nukta sikuzihesabu. Nilishika fremu ya mlango.

Unga. Mlangoni. Alfajiri.
Na hii ni Tanga.

Birika halijachemka, habari imefika msikitini.
Mawifi walisimama mbali, nguo wamezikusanya:
nani kaandikiwa? Ametumwa na nani?
Mama mkwe akatoka na kopo lake la maji,
akatazama.
Sijapata kumwona akikosa neno.
Ndipo jogoo wetu, yule chongo,
akaingia katikati ya duara, akadonoa.
Matetea wakafuata. Sisimizi walishawahi,
kila mmoja na chenga yake kichwani
kama wanawake watokao gulioni.
Tenmoli akapiga makofi,
akaonyesha kuku, akaonyesha sisimizi, akaonyesha mdomo:
"Kula! Kula!"

"Mganga gani," akasema mama mkwe,
"dawa yake inaliwa na kuku, naye anacheka?"
Akaenda kupuliza moto.

Siku ya tatu tulificha jembe, kwa heshima.
Akalikuta nyuma ya pipa.
Akarudi shambani na malengelenge mawili
na muhogo aliouvunja, ameubeba nusu nusu, kama aliyeua.
Ya nne akaondoka. Singano hakutaka nauli,
akaichukua alipofika kwenye kona, tuliambiwa.

Mchele ni ghali; mimi sikuthubutu.
Leo Kidawa amechora kwa majivu ya jikoni.
Duara limebonyea, mstari mmoja haukurudi kwao,
na majivu hayaliwi: kuku wamenusa, wamepita.
Nilishainua ufagio.

Mama mkwe akatoka na ndoo tupu kichwani.
Njia yake ya bombani haina kona,
ni ileile tangu aolewe.
Chini hakutazama.
Alipofika hapo akakata kushoto,
akajibana na ukuta,
kanga yake ikakwangua udongo.