Matao Matano

Jumapili studio imefungwa.
Wiki nzima nimewaambia watu: kidevu juu,
masikio yote mawili yaonekane,
usicheke, serikali haipendi meno.
Leo natafuta uso usiopepesa.

Nimeupata hapa Lindi, mtaa wa kushukia sokoni:
nyumba kuukuu ya chokaa na matumbawe,
matao matano barazani,
mawili kushoto, mawili kulia,
na moja katikati, lenye mlango na ngazi,
kama pua.

Nimesimama katikati ya lami.
Nimepiga goti, nimeinuka, nimerudi nyuma
hadi kisigino kikagusa mtaro.
Waya wa umeme nimeulaza juu ya ukingo wa paa
usikate dirisha lolote.
Nguzo nimezinyoosha kwa jicho, mojamoja,
kama mwashi na timazi yake,
nikizuia pumzi ili uzi usitikisike.
Bajaji imepiga honi. Nimeipisha, nimerudi palepale,
kwenye kiraka nilichokitia alama ya chaki.

Upande mmoja umepakwa buluu, mwingine umeota kuvu.
Rangi nimezizima.
Katika nyeusi na nyeupe, buluu na kuvu
ni kijivu kimoja.

Saa nne kasoro, kivuli cha paa kikashuka
sawasawa kwenye matao yote,
na nyumba ikakaa kama mshororo uliotimia mizani:
ukwapi huku, utao kule,
vina vikiitikiana.

Hapo mwanamke akatoka mlango wa kati
na ungo wake, akaketi ngazi ya tatu,
akaanza kuchambua choroko.

Mama, nikamwambia, samahani,
sogea kidogo kuliani kwako.
Uko nje ya mstari kwa shubiri moja.

Akasogea. Akauliza: mstari gani?

Nikamweleza. Kwamba picha ukiikunja hapo alipokaa
bawa hili litalilalia lile,
nguzo juu ya nguzo.

Akacheka, meno yote.
"Kukunja tulishakunja, mwanangu.
Baba yetu, mzee Mchopa, alipofariki,
shehe alihesabu vidoleni.
Shaweji mawili, hayo ya buluu, anauzia mabati.
Nassoro mawili. Yuko Masasi,
hajaja kuyatazama tangu korosho zishuke bei.
Somoe moja. Ndilo hili.
Na ngazi yangu, ila kila mtu anapita."

Nikachungulia tena.
Mbili, moja, mbili.
Hakuna kilichopinda.
Nilikuwa nimekesha na hesabu ya watu
nikidhani ni ya mawe.

Nikabofya.

Alhamisi alikuja studio na mwavuli.
Nikamtandazia picha mezani, kubwa,
nikampitishia kidole: tazama ukingo, tazama vivuli,
hata kapi za madirisha zinalingana.
Akaitazama kimya, mpaka feni ikakatika na umeme.

"Nzuri," akasema. "Ila humu nimekuwa komeo.
Nipo ili mabawa yafungike."
Kisha: "Kata huku. Kata na huku.
Nipe kilicho changu."

Nikakileta kikatio cha picha za pasipoti.
Kisu kilishuka mara mbili.
Akabaki na kipande chembamba, kirefu:
tao, ngazi, ungo wa choroko,
na yeye mwenyewe, masikio yote mawili yanaonekana,
anacheka.
Akalipa bei ya pasipoti. Nami nikaipokea.

Jioni, nikifagia, mabawa yalikuwa bado mezani.
Nikayasogeza yakutane.
Matao manne, safi, nguzo kwa nguzo,
mstari wa kivuli haukukosea hata unywele.

Nikaitafuta njia ya kuingilia.