Hatua Mbili za Viazi

Miaka tisa naimba kwamba nimeokoka
huku viazi vyangu vikinenepa
kwenye hatua mbili za Turyahikayo.

Hatua mbili tu. Usiku wa mvua
niling'oa msale wa mpaka, nikausogeza kwake,
ukashika. Mmea hausemi kortini.

Tangu hapo kila nikipiga magoti
goti moja hugusa udongo wa mtu.
Sala hupanda mlima, tuta kwa tuta,
hufika pale penye msale, huketi.

Nilimpa Bwana pombe. Nilimpa tumbaku,
hata redio, ambayo hakuiomba.
Shamba nikamficha, kama mtoto na mnofu wa wizi:
mkono nyuma, mdomo unang'aa mafuta.

Leo alfajiri, ukungu ungali juu ya Bunyonyi,
nilibisha kwa jirani, jembe begani.
Alidhani nimekuja kupigana.
Mkewe akaita mbwa.

"Njoo tupime," nikasema,
sauti ikakatikia hapo.

Msale una mizizi, jamani. Umenichubua viganja.
Viazi vilivyomo sikuvichimba.
Nilivitamani, sitadanganya,
njia nzima hadi mlangoni kwangu,
na hata sasa, kidogo.