Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku tisa.
Sita nilivijaza usiku, nusu usingizini:
nakala mia nne zilizochapwa,
mikutano kumi na mmoja,
waliohudhuria, wanawake wangapi kati yao,
ripoti imefunguliwa mara ngapi
(kama ilisomwa, haiulizwi).
Cha saba kinauliza: Nini kimebadilika kwa sababu yenu?
Nafasi ya jibu, mistari mitatu.

Ulaanbaatar, Januari.
Moshi wa makaa umelala juu ya mahema ya sufu
huko vilimani nilikozaliwa,
mgeni asiyejua kuaga.

Wizarani, ghorofa ya nne, Bwana Nyamdorj,
aliyetia saini amri ya Oktoba:
kila chekechea iwe na mashine ya kuchuja hewa.
Watafiti wetu walikuwa wamepima moshi huo
misimu mitatu ya baridi, pua zikiwatoka damu.
Nikamuuliza kuhusu ripoti.
Akainua kikombe. Ilikuwa chini yake,
jalada lina maduara matatu ya chai ya maziwa.
"Nzuri," akasema. "Nene."
Nikaandika: nene.

Halafu akavuta droo, akatoa chupa ya achari.
Ndani yake kitambaa cha duara, cheusi tii,
cheusi cha kukufanya ushike kifua.
"Kilikuwa cheupe. Siku kumi na tisa tu.
Mama mmoja alinitupia hapa mezani."

Mama huyo anakanda unga, hataki kukaa.
Tserendulam, mpishi, chekechea namba 148.
"Kama una mikono, funga," ananisukumia nyama na chapati za maandazi,
nami nafunga, vibaya, huku nikiuliza.
Hakwenda wizarani kwa ajili ya sera.
(Neno sera alinirudisha nilitaje mara mbili.)
Alikwenda kudai mshahara wa miezi miwili.
Mtu haendi kudai mkono mtupu.
Kitambaa alikitoa kwenye kipimo chetu ukutani,
kile ambacho kijana wetu Batchuluun
alipaswa kukibadilisha kila Jumatatu,
na Jumatatu mbili, kwa homa, hakuja.

Jioni nikafungua jedwali la takwimu.
Chekechea 148, wiki ya sita: data haipo.
Wiki ya saba: data haipo.
Mstari tulioufuta kwa aibu
ndio uliopanda ngazi hadi ghorofa ya nne.

Basi niandike nini?
Anayelipa yuko Oslo, anataka asilimia.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini chawa amekwisha kuvunjwa
na mimi nimetumwa nikamtaje kidole.
Nimtaje Batchuluun na homa yake?
Niitaje ripoti, iliyomfanya Nyamdorj
ajue rangi ile ni ya nini alipoiona?
Au miezi miwili ya mshahara,
ambayo, nilipouliza, mpishi akacheka kwa pua:
"Bado."

Nilirudi kesho yake bila kinasa sauti.
Mashine ipo, mpya, ukutani karibu na picha za ngamia.
Imechomolewa.
Umeme wa jengo ni mwembamba, ananiambia;
ukiwasha jiko na mashine pamoja, giza.
Kwa hiyo anapika kwanza.
Kisha anaosha sufuria, anapangusa mikono,
anachomoa jiko, anachomeka hewa.

Watoto walikuwa wamelala, ishirini na sita,
mmoja kashika kiatu chake.
Mashine ikaanza kunguruma taratibu.
Tukasimama mlangoni, hatukusemezana.

Kisanduku cha saba, kalamu ya risasi,
alama ya unga wa kidole gumba pembeni:
Chekechea 148. Kuanzia saa sita na nusu
hadi saa nane mchana, siku za kazi,
umeme ukiwepo.